Vipigo Visivyofika kwenye OB

Ploti za Waithaka, kama za Kawangware jirani, zimebanana ukuta kwa ukuta. Mwanamke akipigwa chumba cha tatu, chumba cha tano wanasikia. Asubuhi majirani wanamsalimia huku wakitazama kando, na msimamizi wa ploti anasema hayo ni mambo ya mtu na mkewe. Siku atakapokamata kisu yeye, ndipo kila mtu atakumbuka alichosikia. Lakini kumbukumbu ya jirani haina tarehe wala nambari, na mahakamani vyote viwili huulizwa.

Sheria itakayompima mwanamke huyo ina umri mkubwa kuliko mji anaoishi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930. Wakati huo Waithaka haikuwa Nairobi. Ilikuwa upande wa Kiambu, na iliingizwa mjini mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Mke aliyepigwa alirudi kwao, wazee wakakaa, mume akaitwa. Damu ikimwagika hadi mtu akafa, kesi iliondoka mikononi mwa wazee na kupelekwa kwa jaji Mwingereza, aliyeketi na washauri Waafrika waliompa maoni yao kabla hajaamua. Utaratibu huo wa washauri uliendelea hadi 2007. Wanawake waliopatikana na hatia ya kuua walihukumiwa kunyongwa kama wanaume, ingawa mara nyingi Gavana aliwapunguzia adhabu. Huruma ilitoka kwa Gavana, baada ya hukumu. Ndani ya sheria yenyewe haikuwamo.

Kifungu cha 17 cha Kanuni hiyo kinasema kujihami kutaamuliwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Misingi hiyo, kwa maoni yangu, ilitungwa mawazo yakiwa kwa wanaume wawili wanaokutana barabarani: mmoja anainua rungu, mwingine anajikinga papo hapo, kwa nguvu inayolingana na hatari. Kifungu cha 208, kinachoeleza maana ya kuchokozwa, kinataja hata uhusiano wa bwana na mtumishi wake. Mtu aliyepigwa miaka minane, anayejua kwa mlio wa funguo mlangoni usiku utakuwaje, hakufikiriwa.

Mwaka 1949 huko Uingereza mwanamke aitwaye Renée Duffy alimuua mumewe aliyekuwa akimtesa, wakati mume yuko kitandani. Jaji Devlin aliwaeleza wazee wa baraza la mahakama kwamba utetezi wa kuchokozwa unataka mtu awe amepoteza uwezo wa kujizuia ghafla na kwa muda. Kwa kipimo hicho, kadiri mateso yanavyorefuka ndivyo utetezi unavyodhoofika, kwa sababu muda mrefu unasomwa kama nafasi ya kupanga. Waingereza wenyewe walikuja kuachana na utetezi huo wa zamani kwa sheria ya 2009. Kenya bado inao: kitendo lazima kifanyike hasira ikiwa bado moto, kabla haijapata muda wa kupoa.

Wakati huohuo Bunge letu halikuwa na haraka. Mswada wa ndoa ulikataliwa 1976, ukarudi 1979, ukakataliwa tena, na miongoni mwa yaliyowaudhi wabunge ni kipengele kilichomnyima mume haki ya kumchapa mkewe. Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ilipatikana 2015 tu. Inamruhusu mwanamke kuomba amri ya mahakama ya kumzuia mume asimkaribie. Anachohitaji kwanza ni mtu wa kumsikiliza kwenye dawati la ripoti la kituo cha polisi.

Hapo ndipo kesi nyingi zinapopotea, miaka kabla hazijawa kesi. Malalamiko yakiandikwa kwenye OB, kitabu cha polisi cha matukio, yana nambari. Kisha inakuja fomu ya P3, ambamo daktari anajaza umri wa majeraha kwa saa, siku au wiki, aina ya kifaa kilichotumika, na kama ni jeraha la kawaida, baya au la kulemaza. Ni karatasi kavu kabisa, lakini ndiyo inayoweza kusema mahakamani kwamba hofu ya mshtakiwa ilikuwa na historia. Anayeambiwa arudi nyumbani wakasuluhishe hana nambari wala fomu.

Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilifuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa wauaji, na majaji wakapata nafasi ya kupima maisha ya mshtakiwa. Huko Siaya mwaka 2021 Jaji Roselyne Aburili alimpa mwanamke aliyemuua mume mtesi kifungo cha siku moja, kilichokwisha mahakama ilipofunga shughuli zake.

Ruth Kamande alipata kinyume chake. Alimuua mpenzi wake Buruburu mwaka 2015, akasema alikuwa akijihami. Jaji Jessie Lesiit hakumwamini, akampa hukumu ya kifo Julai 2018, akisema hataki aonekane shujaa na kwamba vijana wajue kuondoka na kusamehe. Simtetei Kamande, majeraha ya kisu yalipita ishirini, na mahakama ilikuwa na sababu ya kuuliza maswali. Ila ushauri wa kuondoka ni mwepesi kwa anayeutoa.

Rufaa yake ilifika Mahakama ya Juu na kutupwa mwaka 2025. Majaji walikubali kwamba hali ya mwanamke aliyeteswa kwa muda mrefu inaweza kuzingatiwa ndani ya utetezi wa kujihami au wa kuchokozwa, lakini si utetezi unaojitegemea, na kwake ushahidi wa mateso hayo haukuonekana. Wakili anayepewa kesi ya aina hiyo leo ana kazi ya kuanzia nyuma: kadi za kliniki, nambari za OB, barua ya chifu, ujumbe wa simu ambao mteja wake alimtumia dada yake saa saba usiku.