Kiwango cha matumizi ya nyanda za majani

Kiwango cha matumizi ya nyanda za majani ni kipimo cha jinsi binadamu anavyozitumia nyanda hizo, yaani majani hukatwa mara ngapi kwa mwaka, mifugo wangapi hulishwa humo na mbolea kiasi gani hutiwa. Nchini Ujerumani, ambako nyanda nyingi za namna hiyo zimedumu kwa sababu ya malisho na ukataji wa majani, mambo hayo matatu huunganishwa katika kielezo kimoja kinachotumika kwenye viwanja 150 vya utafiti vilivyoko Schorfheide-Chorin, Hainich-Dün na Schwäbische Alb.

Mbolea huleta mabadiliko mazito, kwa kuwa naitrojeni huzipa nguvu nyasi chache zinazokua haraka, nazo huinyima mimea mifupi mwanga hadi ikatoweka pamoja na wadudu walioitegemea. Katika jaribio la Park Grass huko Rothamsted, Uingereza, lililoanza mwaka 1856, vipande visivyotiwa mbolea vina spishi za mimea zipatazo 40, ilhali vilivyotiwa chumvi za amonia kwa wingi bila chokaa vimebaki na mbili au tatu tu. Hasara isiyoonekana upesi, na pengine iliyo kubwa zaidi, ni kufanana: nyanda zilizokuwa na jamii tofauti za kuvu, buibui na panzi huanza kubeba spishi zilezile, hata pale matumizi yanapoongezeka kwa kiasi cha wastani. Mavuno ya majani hupanda, lakini uchavushaji hudhoofika, na naitrati inayozidi mahitaji ya mimea huchujika hadi kwenye maji ya ardhini.