Nyaya Zilipita Juu Yetu

Kutoka Kivaa, kule Masinga, mabwawa ya mto Tana hayako mbali. Kindaruma ilianza kutoa umeme 1968, Kamburu 1974, Masinga 1981. Nyaya nene zikaelekea Nairobi. Vijijini watu wakabaki na koroboi. Ndiyo maana historia ya kompyuta katika shule za huku inaanzia kwa stima.

Mwaka wa 2006 Wizara ya Elimu ilitoa mkakati wa TEHAMA. Mwaka huohuo sheria mpya ya kawi ikaunda mamlaka ya kupeleka umeme mashambani, na shule za upili zikawekwa mbele kwenye foleni. Mashine nyingi zilikuja zikiwa mitumba: tangu 2002, Computers for Schools Kenya wamekuwa wakikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. 2013 serikali ikaahidi laptopu, lakini kwa darasa la kwanza. Sekondari ikarukwa.

Shule niliyosoma mimi ilikuwa na chumba cha kompyuta. Tuliingia mara moja kwa wiki, watu watatu kwa mashine moja. Aliyeshika mausi alijifunza. Sisi wengine tulitazama. Siku zingine zote, kufuli. Nilifika chuo nikimlipa mtu wa saiba anichapie kazi. Chuo niliacha kwa sababu zingine, lakini aibu hiyo ninaikumbuka.

Kwa hivyo ukiambiwa shule fulani ina kompyuta arobaini, pongeza. Kisha uliza ufunguo anao nani, na chumba hufunguliwa lini.