Kagera Sugar F.C. katika msimu wa 2024/25

Msimu wa 2024/25 ndio uliomaliza ukaaji wa takriban miaka 20 wa Kagera Sugar F.C. katika Ligi Kuu Tanzania Bara. Klabu hiyo, inayotumia Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, mkoa wa Kagera, ilianza msimu vibaya, ikabadilisha makocha, na mwishowe ikashuka daraja pamoja na KenGold ya Mbeya.

Usuli

Kagera Sugar, maarufu kwa jina la Wana Nkurukumbi, ni timu ya kampuni ya sukari yenye kiwanda na mashamba ya miwa katika wilaya ya Missenyi. Wachezaji hulipwa na kampuni, lakini mashabiki ni wa mkoa mzima: wa kata za Bukoba mjini kama Kashai, Hamugembe na Bilele, na wanaosafiri kutoka Muleba, Karagwe na Missenyi siku ya mechi kubwa. Zamani mkoa uliwakilishwa na RTC Kagera. Tangu timu hiyo ipotee, Kagera Sugar imebeba matumaini hayo karibu peke yake.

Kuanza vibaya si jambo geni kwa klabu hii. Tarehe 22 Oktoba 2016 ilifungwa na Yanga mabao 6-2 palepale Kaitaba, lakini ikiwa chini ya kocha Mecky Mexime ilimaliza msimu huo katika nafasi ya 3, nyuma ya Yanga na Simba. Katika msimu wa 2018/19 iliifunga Simba mara mbili, 2-1 Kaitaba na 1-0 Dar es Salaam, na bado ikalazimika kucheza mechi za mchujo dhidi ya Pamba ya Mwanza ili ibaki. Kumbukumbu hizi zina uzito katika kuelewa mwaka 2024: wengi waliamini kwamba timu itaamka tu, kama ilivyoamka miaka iliyopita.

Mwanzo wa msimu

Timu iliingia msimuni ikiwa na kocha Paul Nkata kutoka Uganda, aliyewahi kutwaa ubingwa wa Kenya akiwa na Tusker mwaka 2016. Tarehe 29 Agosti 2024 ilifungwa na Yanga 2-0 nyumbani. Maxi Nzengeli alifunga katika kipindi cha kwanza, na Clement Mzize akaongeza la pili mechi ikielekea ukingoni. Kufungwa na bingwa mtetezi si aibu, ila matokeo hayakubadilika hata dhidi ya timu za kawaida, na Nkata akaondolewa ligi ikiwa bado changa. Nafasi yake ilichukuliwa na Melis Medo, Mmarekani aliyekwisha kufundisha timu nyingine za Tanzania.

Mabadiliko hayo hayakuziba mianya ya ulinzi. Tarehe 21 Desemba 2024 Simba ilishinda 5-2 Kaitaba, na tarehe 1 Februari 2025 Yanga ikashinda 4-0 Dar es Salaam. Baadaye timu ilikabidhiwa kwa Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Taifa Stars. Watu wa Bukoba hawakuhitaji kutambulishwa kwake: tarehe 19 Mei 2018, akiwa golini mwa Kagera Sugar, alidaka penalti ya Emmanuel Okwi dakika za mwisho, na timu yake ikaifunga Simba 1-0 mbele ya Rais John Magufuli, siku Simba inakabidhiwa kombe. Simba haikupoteza mechi nyingine ya ligi msimu ule.

Majeruhi na wachezaji wanaokosekana

Kila timu ikianza vibaya, swali la kwanza vijiweni huwa ni nani hayupo. Kwa klabu ya ukubwa wa Kagera Sugar swali hilo ni la haki. Timu tajiri ikimpoteza beki wa kati kwa goti au misuli ya paja, humwingiza mwingine wa kiwango kilekile. Timu ya mkoani humhamisha kiungo kucheza nyuma, na pengo linahamia katikati ya uwanja. Usajili ukishafungwa, hakuna njia ya kuongeza mtu hadi dirisha dogo, ambalo hufunguliwa katikati ya Desemba. Kufikia hapo karibu nusu ya mechi 30 zimekwisha chezwa.

Jiografia nayo ina mchango wake. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400, na mchezaji mwenye maumivu hapumziki vizuri akiwa kwenye kiti cha basi. Jeraha kubwa la mfupa au goti mara nyingi humaanisha rufaa ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, mbali na madaktari na wenzake wa timu.

Hoja nyingine ni nyasi bandia za Kaitaba. Ziliwekwa kwa msaada wa FIFA, na ujenzi ulipochelewa timu ilicheza mechi zake za nyumbani katika mikoa mingine hadi mwaka 2016. Wapo wanaosema nyasi hizo huumiza magoti na vifundo vya miguu. Tafiti za kitabibu hazijakubaliana kuhusu jambo hilo. Matokeo hutegemea umri wa nyasi, matunzo na viatu. Lawama hiyo ina mashaka pia kwa sababu nyingine rahisi: timu ilicheza kwenye nyasi bandia hata iliposhika nafasi ya 3.

Kukosekana kwa mchezaji si lazima kutokane na jeraha. Mwaka 2017, baada ya Kagera Sugar kuifunga Simba 2-1, Simba ilidai kwamba beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za njano. Kamati ya saa 72 iliipa Simba pointi, kisha kamati nyingine ya TFF ikazirudisha Kagera. Na Desemba 2021 mechi ya timu hizo Kaitaba iliahirishwa kwa sababu wachezaji wengi wa Simba walikuwa na homa na mafua. Ilipochezwa tarehe 26 Januari 2022, Kagera ilishinda 1-0 kwa bao la Hamis Kiiza.

Mashabiki

Mjadala wa mashabiki una pande mbili zisizopatana kirahisi. Upande mmoja humtetea kocha: huwezi kumpima mtu ambaye kikosi chake hakijakamilika. Upande wa pili hujibu kwamba kikosi chembamba ni kosa la usajili, si la bahati. Kwa kuangalia mabao yaliyofungwa Kaitaba msimu ule, upande wa pili una hoja nzito zaidi. Majeruhi hueleza mwezi mmoja mbaya, hawaelezi msimu mzima.

Kushuka kwa timu kunagusa zaidi ya fahari. Mechi ya Simba au Yanga hujaza nyumba za wageni za Bukoba, huwapa kazi bodaboda wa Kashai, na mama lishe na wauza senene walio karibu na uwanja hupata siku yao. Mechi za daraja la chini hazileti umati huo.

Kushuka daraja

Ligi ilipomalizika Juni 2025, Kagera Sugar ilikuwa katika moja ya nafasi mbili za mwisho, ambazo hushuka bila mchujo. Wakati huohuo Mtibwa Sugar ya Morogoro, timu ndugu yenye wamiliki walewale, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Championship na kurejea Ligi Kuu, mwaka mmoja tu baada ya kushuka. Timu hizo mbili za miwa zikabadilishana nafasi, na Kagera Sugar ikaanza msimu wa 2025/26 katika Championship.