Sahani Iliyokwisha Kupimwa: Milo ya Kupunguza Uzito Nchini Marekani, 1959–2023

Biashara ya kuuza milo iliyokwisha kuandaliwa, kupimwa na kufungashwa kwa watu wanaotaka kupunguza uzito ilizaliwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, nayo ilizaliwa mikononi mwa watengeneza dawa kabla haijawafikia wapishi. Mwaka 1959 kampuni ya Mead Johnson ya Evansville, Indiana, iliyojulikana zaidi kwa vyakula vya watoto wachanga na vya wagonjwa, ilileta sokoni unga ulioitwa Metrecal, ambao ulikorogwa kwa maji na kunywewa mara nne kwa siku badala ya chakula. Jumla ya glasi hizo nne ilikuwa kalori 900, na kwa kuwa kalori ni kipimo cha nishati ambayo mwili huipata katika chakula, hicho kilikuwa chini ya nusu ya kiasi anachotumia mtu mzima wa kawaida kwa siku. Mnywaji hakuhitaji kujua lolote kuhusu lishe. Alitakiwa kutii tu. Ladha yake iliwachosha wengi, na kabla ya muongo uliofuata kwisha umaarufu wake ulikuwa umeshuka, lakini wazo lililouzwa pamoja na unga huo lilidumu. Wazo lenyewe ni kwamba kinachomshinda anayejinyima ni maamuzi yanayomrudia mara kadhaa kila siku, yaani ale nini, kiasi gani na wakati gani, na kwamba atakayemwondolea maamuzi hayo anaweza kumtoza fedha kwa huduma hiyo.

Ili wazo hilo litoke katika glasi na kuingia katika sahani, ilibidi teknolojia ya ufungashaji ikomae kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Swanson ya Omaha, Nebraska, ilikuwa imekwisha kuwazoesha Wamarekani chakula kilichogandishwa katika trei ya alumini yenye vyumba, ambamo nyama, mboga na wanga vilitengwa na kila kimoja kikawa na kiasi chake kisichobadilika. Trei hiyo haikukusudiwa kumpunguza mtu uzito, ila ilifundisha jambo ambalo wauzaji wa baadaye walilitegemea, kwamba mlo unaweza kuwa na mpaka uliowekwa na kiwanda, na mwaka 1981 kampuni ya Stouffer ilitumia somo hilo ilipoanza kuuza Lean Cuisine, milo ya friza iliyopimwa isizidi kalori 300. Jambo la pili lilitoka jeshini. Watafiti wa maabara ya jeshi huko Natick, Massachusetts, wakishirikiana na kampuni za vifungashio, walitengeneza kifuko cha tabaka za plastiki na alumini kinachostahimili joto la kuua vijidudu, hivyo chakula kilichopikwa kikaweza kukaa muda mrefu bila jokofu. Bila vyakula vya aina hiyo, visivyohitaji barafu njiani, kusafirisha chakula cha wiki nne katika sanduku moja kungekuwa kazi ngumu na ya gharama kubwa.

Kati ya kiwanda na mlango wa mteja kulikuwa bado na kituo. Kampuni ya Nutrisystem, iliyoanzishwa na Harold Katz katika jimbo la Pennsylvania mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ile ya Jenny Craig, iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 1983 na kuingia Marekani miaka miwili baadaye, ziliendesha vituo vingi ambako mteja alipimwa uzito kila wiki, akazungumza na mshauri, kisha akaondoka na mifuko ya chakula cha siku saba. Mshauri huyo mara nyingi hakuwa daktari wala mtaalamu wa lishe, na ndiye aliyekuwa muuzaji pia, jambo ambalo lilipaswa kuzua maswali mapema zaidi. Utajiri uliopatikana haukuwa mdogo: mwaka 1981 Katz aliinunua timu ya mpira wa kikapu ya Philadelphia 76ers.

Wakati huohuo madhara yalianza kuonekana, na mabaya kuliko yote yalitokana na vinywaji vya protini vilivyoenea baada ya daktari Robert Linn kuchapisha kitabu The Last Chance Diet mwaka 1976. Vinywaji hivyo vilitengenezwa kwa mabaki ya machinjioni, kama vile ngozi na kano za ng'ombe, vikiwa na protini duni na upungufu wa madini, na makumi ya watu waliovitegemea walikufa, wengi wao kwa moyo kupoteza mapigo yake ya kawaida. Milo iliyopikwa ilikuwa salama kuliko hiyo, lakini haikukosa lawama. Mwaka 1990 kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Ron Wyden ilisikiliza malalamiko dhidi ya sekta nzima, yakiwemo ya mawe katika kibofu cha nyongo, ugonjwa unaotokea kwa sababu mafuta ya mwilini yakiyeyuka haraka ini humimina kolesteroli nyingi katika nyongo, na mlo usio na mafuta ya kutosha hukifanya kibofu kisijikamue, hivyo nyongo ikatuama na kuganda. Mwaka 1993 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilizishtaki kampuni tano kubwa, zikiwemo Nutrisystem, Jenny Craig na Weight Watchers, kwa kutangaza mafanikio zisizoweza kuyathibitisha.

Hata hivyo, kuihukumu biashara hii kwa matangazo yake peke yake si haki, kwa kuwa utafiti wa kisayansi umeonyesha kwamba chakula kilichopimwa husaidia kweli. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1993, Robert Jeffery, Rena Wing na wenzao waliwagawa watu 202 katika makundi, wengine wakapewa bure vifungua kinywa vitano na milo mitano ya jioni kila wiki kwa miezi 18, na wengine wakalipwa fedha kwa kila hatua ya kupungua. Fedha hazikuleta tofauti. Chakula kilileta tofauti iliyo wazi. Ila miezi 12 baada ya msaada kukoma, waliolishwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao, kwa maana uzito uliopungua ulikuwa umerejea kwa sehemu kubwa.

Jaribio lililofuata, la mwaka 1996, ndilo linalofaa kusomwa kwa makini zaidi, ingawa wenye biashara hawakuwa na sababu ya kulitangaza. Safari hii kundi mojawapo halikupewa chakula chochote. Lilipewa ratiba ya milo ya wiki na orodha ya vitu vya kununua sokoni, na wanawake wa kundi hilo walipungua sawa na waliopewa chakula chenyewe, huku wote wakiwapita wale waliopata mafunzo ya kawaida tu. Kwa maneno mengine, kilichofanya kazi ndani ya sanduku ni mpangilio, nao ungeweza kuandikwa katika karatasi. Faida na kasoro ya milo hiyo vina mzizi mmoja, kwa sababu anayeondolewa maamuzi hupungua kwa urahisi, na hapohapo hukosa nafasi ya kujifunza kuyafanya, hivyo siku sanduku linapokoma hurudi katika jiko lilelile akiwa na ujuzi uleule.

Kwa mfanyakazi anayeishi peke yake na kurudi nyumbani usiku, urahisi huo bila shaka ni msaada halisi. Lakini mlo wa kifuko umeundwa kwa mlaji mmoja, na mama mwenye watoto aliyejiunga na mpango huo alilazimika kupika chungu cha familia huku yeye akipasha chakula chake pembeni. Kwa msomaji wa pwani aliyezoea sinia moja kuzungukwa na watu, ugumu huo hauhitaji maelezo.

Nutrisystem iligeukia intaneti mwaka 1999, na vituo vikaanza kupoteza umuhimu wake. Mwaka 2010 utafiti wa wanawake 442, uliogharimiwa na Jenny Craig yenyewe, ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili walioshauriwa kituoni walikuwa wamepungua wastani wa kilo 7.4, walioshauriwa kwa simu kilo 6.2, na waliopata ushauri wa kawaida kilo 2.0. Matokeo hayo yanastahili heshima, mradi isisahauliwe kwamba chakula na ushauri vilitolewa bure, ilhali mteja halisi alitozwa mamia ya dola kwa mwezi na wengi huacha kwa sababu hiyohiyo. Mwaka 2021 dawa ya sindano ya semaglutide iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito, ikawapa wateja njia nyingine ya kupunguza hamu ya kula. Mei 2023 Jenny Craig, ikiwa imelemewa na madeni, ilifunga vituo vyake, na jina lake likanunuliwa na mmiliki wa Nutrisystem na kurudishwa sokoni mwaka huohuo kwa milo ya kupelekwa nyumbani. Kufa kwa vituo si lazima kuwe hasara, kwa kuwa utafiti wa 2010 ulikwisha kuonyesha kwamba simu hukaribia kufanya kazi yao, ila mazungumzo na mshauri ndiyo sehemu ambayo mwenye biashara huwa wa kwanza kuipunguza, maana mshauri hulipwa kila mwezi ilhali kifuko hukaa ghalani bila kudai mshahara.