Mguu na Ngoma Kubwa

Katika ngoma za Mwambao, msondo una mtu wake, vumi lina mtu wake, na chapuo vivyo hivyo. Mzee Morris Nyunyusa, asiyeona, aliyezikusanya ngoma nyingi akazipiga peke yake hata midundo yake ikawa ishara ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania, ni wa namna yake. Imekuwaje, basi, katika dansi akakaa mtu mmoja kitako, ngoma kubwa na ndogo zote zikawa zake? Wa kushukuriwa, au kulaumiwa, ni wengi; mmojawapo ni mpiga ngoma wa Chicago.

William F. Ludwig alizaliwa Ujerumani mwaka 1879, akahamishiwa Marekani angali mtoto. Alipiga ngoma katika sarakasi na katika majumba ya michezo. Makanyagio ya ngoma kubwa yalikuwapo tayari, lakini yalikuwa mazito. Muziki wa ragtaimu ulipoharakisha mwendo, mguu ukaachwa nyuma. Ludwig akajitengenezea la kwake, la mbao, dogo na jepesi. Wapigaji wenziwe walipoliona wakalitaka. Mwaka 1909 yeye na nduguye Theobald, naye mpiga ngoma, wakafungua Ludwig & Ludwig; shemeji yao Robert Danly, fundi wa mitambo, akawasaidia kulifanya la chuma.

Theobald alichukuliwa na homa kuu ya mwaka 1918. Biashara ikanawiri hata hivyo, kwani kila jumba la sinema bubu lilitaka mpiga ngoma. Mwaka 1927 sinema ikaanza kusema, na wapigaji wakaanza kutolewa nje. Haukupita muda mrefu kampuni ikawa mali ya C. G. Conn, na jina likaenda pamoja nayo.

Hapo ndipo kisa kinapouma. Mwaka 1937, akikaribia miaka 60, Ludwig alianza upya Chicago. Lakini jina la babake halikuwa lake tena kuliandika juu ya ngoma alizounda mwenyewe. Akaandika herufi tatu tu: W.F.L. Ilimpasa angoje hadi 1955 alinunue jina lake kwa fedha.

Februari 1964, Ringo Starr wa The Beatles alipopiga katika televisheni ya Marekani mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, jina lile lilisomeka waziwazi kwenye uso wa ngoma kubwa. Mzee Ludwig alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1973.