Bitana ya Mlango: Historia ya Ubao wa Ndani katika Gari la Pikapu

Mlango wa nyumba ya mawe huko Lamu au Unguja una msamiati wake kamili. Kuna kizingiti chini, mfaa katikati ya mbao mbili, bawaba za kuzungukia, komeo na tumbuu za kufungia. Gari lilipoingia Afrika Mashariki na Kongo katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, lilirithi sehemu ya msamiati huo bila taabu: mlango wake ukaitwa mlango, bawaba zikawa bawaba, kitasa kikawa kitasa. Hata hivyo, urithi huo uliishia kwenye yale yanayoonekana. Kati ya bati la nje na ubao wa ndani mna uwazi wenye vyombo ambavyo mlango wa seremala haukuwa navyo, na humo Kiswahili kiliingia mikono mitupu.

Makala haya yahusu ubao huo wa ndani, ambao fundi hana budi kuubandua kabla ya kugusa kitasa au kioo, na yahusu pikapu hasa, yaani lile gari dogo la mizigo ambalo Wakongo wengi huliita kwa Kifaransa camionnette. Katika gari la abiria ubao huo ulikuwapo mapema kama pambo. Katika pikapu ulichelewa, ukaja kipande kwa kipande, na kila hatua ya kuja kwake yaonyesha ni nani aliyetarajiwa kuufungua mlango.

Tarehe 25 Aprili 1925 kampuni ya Ford ilitangaza gari la Model T lenye sanduku la mizigo lililotiwa kiwandani. Kabla ya hapo mkulima wa Marekani alinunua gari, kisha akatafuta mtu wa kumuundia sanduku. Bei ilikuwa dola 281, na katika mwaka wa kwanza yaliundwa magari yapatayo 34,000. Mlango ulikuwa mmoja tu, upande wa kulia. Upande wa kushoto, alipokaa dereva, palikuwa na umbo la mlango lililopigwa katika bati, lisilofunguka. Magari yaliyoundwa Kanada yalikuwa na milango ya kweli pande zote mbili, kwa sababu yaliuzwa pia katika nchi ambako usukani hukaa kulia. Mlango huo haukuwa na kioo cha kupanda na kushuka. Mvua ilizuiwa kwa mapazia. Kwa hiyo haukuwa na tumbo, wala haukuwa na cha kubanduliwa.

Siri iliingia pamoja na kioo. Chumba cha dereva kilipofungwa pande zote, kioo kilihitaji mahali pa kushukia, na mahali penyewe palikuwa ndani ya mlango. Mlango ukawa mfuko wa mabati mawili. Humo ikatiwa mitambo ya kukiinua kioo: mhimili unaozungushwa kwa mkono, gurudumu dogo lenye meno, kipande cha chuma chenye umbo la upinde kinachosukumwa na meno hayo, na wenzo unaobeba ukingo wa chini wa kioo. Kitasa nacho kikaingia humo pamoja na fito zake nyembamba. Bati la ndani likakatwa matundu makubwa, maana mkono wa fundi lazima upite mahali fulani. Historia ya ubao wa mlango ni historia ya kuyafunika matundu hayo.

Gari la abiria liliyafunika kwa kitambaa. Pikapu haikufanyiwa heshima hiyo. Katika malori madogo mengi ya Marekani ya miaka ya 1940 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, bati la ndani lilipakwa rangi tu, na tundu kuu likazibwa kwa kifuniko cha bati chenye parafujo za wazi. Mkulima mwenye bisibisi moja aliweza kukifungua ghalani kwake. Haifai kuona hapo ubahili peke yake. Mwundaji alijua kwamba mnunuzi wake anaishi mbali na gereji, akamwachia njia.

Mabadiliko yalianzia kwenye mapambo. Mwaka 1955 Chevrolet ilitoa pikapu iliyoitwa Cameo Carrier, iliyorembwa kama gari la abiria. Haikuuzwa kwa wingi, lakini ilionyesha kwamba wako watu watakaonunua gari la mizigo bila kutaka lifanane na gari la mizigo. Malighafi ya kuwaridhisha ilikuwapo tayari. William H. Mason alikuwa amevumbua mwaka 1924, huko Laurel katika jimbo la Mississippi, namna ya kupasua vipande vya miti kwa nguvu ya mvuke na kuvishindilia viwe ubao mwembamba na mgumu. Ubao wa aina hiyo, ukivikwa plastiki laini iliyoigiza ngozi, ulikuwa mwepesi na wa bei nafuu. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: haupendi maji. Ukilowa huvimba na kupinda, na matundu yake hulika hata yasiweze kushika kitu.

Toyota ilipoanza kuuza Hilux mwezi Machi 1968, gari lililoundwa na kampuni ya Hino katika kiwanda chake cha Hamura, jina lenyewe liliunganisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya «juu» na «anasa». Anasa hiyo isidhaniwe kuwa kubwa. Katika pikapu za kazi za Japani za miaka ya 1970 na 1980, mlango mara nyingi ulipewa ubao mwembamba uliovikwa plastiki nyeusi au ya kijivu. Hata hivyo, jambo lililo muhimu zaidi kuliko ubao ni vishikizo vyake. Parafujo zilipungua na vibanio vikaongezeka, kwanza vya chuma chenye mnyumbuko, halafu vya nailoni. Kiwandani kibanio ni baraka: huingia kwa pigo moja la kiganja. Lakini hakionekani kwa nje, wala hakisemi kinatolewaje. Parafujo hujieleza kwa kichwa chake, kibanio hakijielezi. Maarifa yaliyokuwa juu ya bati yakahamia katika kichwa cha fundi.

Maarifa hayo yana mpangilio wake. Kioo hupandishwa hadi juu. Parafujo za kishikio cha kuvutia mlango hutolewa, pamoja na zile za kikombe kinachozunguka kifungulio. Kisha hufuata mkono wa kuzungushia kioo, ambao humshinda asiyeelekezwa, kwa kuwa hauna parafujo hata moja. Umeshikwa nyuma yake na waya mdogo uliopindwa, usioonekana. Fundi hachukui koleo. Huchukua tambara, akalipitisha kati ya mkono huo na ubao, akalivuta huku na huku kama mtu ang'arishaye kiatu, mpaka uzi wa nguo uunase waya na kuurusha nje. Mwenye busara huweka kiganja kingine tayari kuudaka, kwani ukianguka chini ya kiti kazi ya dakika tano hugeuka ya saa nzima. Ndipo ncha bapa huingizwa ukingoni mwa ubao, karibu kabisa na kila kibanio, na ubao hutolewa kibanio kimoja baada ya kingine. Anayeuvuta kwa nguvu kutoka kona moja huviacha vibanio katika bati na kubaki na ubao uliotoboka.

Hata parafujo zilizosalia zina hila yake. Parafujo ya msalaba iliyoenea kutokana na hataza za Henry F. Phillips za mwaka 1936 hufanana machoni na ile ya kanuni za Japani, lakini mashimo yake hayakukatwa sawasawa. Bisibisi ya ile ya kwanza hupanda na kuteleza ndani ya hii ya pili. Vichwa vingi vilivyotafunwa katika milango ya pikapu za Japani vilitafunwa hivyo, huku fundi akilaumiwa kwa pupa.

Nyuma ya ubao, kabla ya kuyafikia matundu, kuna kitu cha mwisho: karatasi nyembamba. Zamani ilikuwa karatasi iliyotiwa nta au lami, baadaye plastiki, nayo imebandikwa kwenye bati kwa gundi nyeusi isiyokauka. Haina urembo wowote, na ndiyo inayoelewa mlango kuliko vyote. Kwani mlango wa gari haukuundwa ili maji yasiingie. Mpira ulio chini ya kioo, upande wa nje, hupunguza maji tu. Mengine huteremka pamoja na kioo hadi ndani ya mfuko, yakatokea katika vitundu vilivyo ukingoni mwa chini. Karatasi hiyo huyazuia yasirukie ubao na yasiingie chumbani. Ikichanika, ubao wa Mason huanza kuvimba na sakafu chini ya zulia huanza kuoza. Na vitundu vya chini vikizibwa na matope, mlango huliwa na kutu kutoka ndani, rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.

Katika Katanga jambo hili lina uzito wa pekee. Lubumbashi hupata mvua kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, kisha miezi ya vumbi hufuata. Karatasi hiyo moja huzuia yote mawili. Pikapu zenyewe nyingi hufika zikiwa zimetumika: hushushwa Dar es Salaam na kupita Zambia, zikiwa na usukani wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Nazo hukutana na misamiati miwili. Fundi wa Dar es Salaam husema bisibisi, na husema skrubu palipokuwa na parafujo, neno ambalo pwani ililipokea kwa Wareno. Mwenzake wa Lubumbashi au Bukavu huchukua kwa Kifaransa: tournevis, vis, manivelle, lève-vitre, na ubao wenyewe garniture. Hakuna ubaya hapo. Seremala wa Unguja naye aliazima, na leo hakuna anayemuuliza bawaba ilitoka wapi.

Ubaya uko katika ile karatasi, ambayo upande wote wa Kiswahili haukupewa jina lake. Huitwa karatasi au plastiki tu, kama kitu kilichofungiwa bidhaa. Mwanagenzi anayeambiwa «ondoa hiyo plastiki» hana sababu ya kuirudisha, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kumwambia kwamba ni takataka. Na madhara yameongezeka. Katika baadhi ya magari ya siku hizi kihisio huwekwa ndani ya uwazi wa mlango, nacho hutambua mgongano wa ubavuni kwa kupanda ghafla kwa mgandamizo wa hewa, kisha huamuru mifuko ya kumkinga abiria ifumuke. Uwazi usiozibwa vema waweza kukipotosha kihisio hicho.

Kiswahili hakikosi maneno. Bitana ni jina la kitambaa cha ndani cha vazi, na ubao wa mlango ni bitana kwa kila hali. Kwa ile karatasi kuna utando, neno la ngozi nyembamba inayokaa juu ya maziwa na la kazi ya buibui. Lina wembamba na lina kuzuia. Kamusi inayotungwa kwa ajili ya vyuo vya ufundi yaweza kuyapokea yote mawili bila kumlazimisha fundi aache garniture yake.

Gundi nyeusi, kwa upande wake, hutoa ushahidi. Palipo na utando huwa safi na yenye kunata. Ulipotupwa, utepe wake hubaki juu ya bati ukizunguka tundu tupu, umeshika vumbi jekundu, na fundi wa pili abanduaye bitana huusoma kabla hajagusa kitasa.