Bunduki ndani ya gari: Ituri ilikwisha kujaribu njia hiyo

Kila mara gari linaposhambuliwa kwenye barabara ya taifa namba 27, kati ya Bunia na Mahagi, ao kwenye namba 4, kati ya Komanda na Luna, neno moja linarudi sokoni na pale magari yanapopakia abiria: serikali iwape raia ruhusa ya kubeba bunduki, kila dereva ajilinde mwenyewe. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengine wamezika ndugu zao. Wengine wamenyang'anywa pikipiki iliyokuwa ikilisha nyumba nzima. Lakini Ituri ilikwisha kujaribu njia hiyo, na matokeo yake yanajulikana.

Kwanza sheria. Tangu tarehe 3 Septemba 1985, inchi ina sheria juu ya silaha na risasi, namba 85-035. Silaha ya vita ni ya jeshi na polisi. Raia anayetaka silaha ya aina nyingine lazima apate kibali cha serikali. Na raia anayefanya kosa kwa kutumia silaha ya vita anaweza kupelekwa mbele ya korti ya kijeshi. Kwa hiyo dereva anayeficha AK-47 chini ya kiti, hata kama nia yake ni njema, machoni pa sheria yuko upande mmoja na wale anaowaogopa.

Sasa historia. Vita ilianza mwezi wa Juni 1999 katika eneo la Djugu, kwa ugomvi wa mashamba. Kila upande ulisema unajilinda. Vijana walianza na mapanga na mishale, kiisha bunduki zikaingia kwa wingi. Tarehe 26 Aprili 2001, wafanyakazi 6 wa Shirika la Msalaba Mwekundu waliuawa njiani, kaskazini mwa Bunia, wakiwa katika magari yao yenye alama. Hawakuwa na silaha.

Mtu atasema: ndiyo sababu wangebeba bunduki. Basi aangalie tarehe 25 Februari 2005. Siku hiyo walinda amani 9 kutoka Bangladesh waliuawa katika mtego karibu na Kafe, upande wa Ziwa Albert. Wao walikuwa na silaha, mafunzo na redio za kuita msaada. Tena, mwanzoni mwa Septemba 2021, msafara wa magari uliokuwa ukisindikizwa na jeshi ulishambuliwa upande wa Ofaye, kwenye barabara ya Komanda na Beni. Magari yalichomwa. Anayetega ndiye anayechagua saa, kona na kilima. Dereva ana mikono miwili, na yote iko kwenye usukani.

Kuna jambo lingine. Kwa mnyang'anyi, bunduki yenyewe ni mali. Akijua kwamba madereva wanabeba silaha, hatasimamisha gari na kuomba pesa. Atapiga risasi kwanza, achukue pesa, mizigo na bunduki. Anayelipa kosa hilo ni mama aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni.

Mwaka 2003 mji wa Bunia ulijaribu njia ya pili. Mwezi wa Mei, jeshi la Uganda lilipoondoka, makundi yalipigania mji na mamia ya watu waliuawa. Maelfu walikimbilia karibu na uwanja wa ndege na ofisi za Monuc. Mwezi wa Juni, jeshi la Umoja wa Ulaya lililoongozwa na Ufaransa, katika operesheni Artemis, lilitangaza kwamba Bunia ni mji usio na silaha. Magari yalikaguliwa na wenye bunduki wakaambiwa watoke. Masoko yalifunguliwa tena na watu wakaanza kurudi. Mbinu hiyo ilifaa kwa sababu amri iliwahusu wote, na kulikuwa na nguvu ya kuitekeleza. Lakini ilikomea mjini. Silaha nyingi zilifichwa ao zilihamia vijijini, na barabara zilibaki mikononi mwa makundi.

Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005, zaidi ya wapiganaji 15,000 walijiandikisha katika programu ya kupokonya silaha, lakini silaha zilizokusanywa hazikufikia nusu ya hesabu hiyo. Nyingine zilibaki ardhini zikingoja. Uganda nayo iliona jambo la namna hiyo Karamoja tangu mwisho wa 2001: walioweka silaha chini walivamiwa na majirani ambao hawakuziweka. Ndiyo sababu maneno ya "tupeni bunduki zenu" peke yake hayatoshi. Anayepokonywa lazima alindwe siku ile ile.

Vita iliporudi Djugu, Desemba 2017, jina la kujilinda lilirudi nalo. CODECO, jina lililotoka kwa ushirika wa wakulima wa miaka ya 1970, likawa jina la wapiganaji. Upande mwingine likatokea kundi la Zaïre, nalo likijiita la kujilinda. Hatua zilikuwa zilezile: vijana wanalinda kijiji, kiisha wanalinda njia, kiisha wanaweka kamba barabarani, na mwisho kila gari na kila pikipiki inalipa ili ipite. Bunduki iliyonunuliwa kwa kuogopa kizuizi ikawa kizuizi. Uongozi wa kijeshi uliowekwa tangu tarehe 6 Mei 2021 haukuziondoa kamba hizo zote, na raia wamelalamika pia juu ya pesa zinazoombwa kwenye vizuizi vya wenye sare.

Kwa familia za Kigonze na kambi nyingine, mambo haya ni ya kila siku. Kurudi kulima kunategemea kama gari litafika na mihogo itashuka sokoni. Wanachoweza kudai kutoka kwa viongozi kinajulikana: doria za kila siku badala ya msafara wa mara moja kwa juma, wanajeshi wanaolipwa ili wasiombe njiani, na silaha zikusanywe pande zote kwa wakati mmoja. Madereva nao wanaweza kusafiri mchana, kwa kundi, na kupashana habari kuhusu njia kabla ya kuondoka.

Hatua hizo ni za polepole, na aliyezika ndugu jana ana haki ya kuziona ndogo. Lakini kijana anayetafuta bunduki leo ili alinde pikipiki yake ajue kwamba wengi walioweka kamba barabarani walianza kwa maneno yake.